Juu ya Vyombo Vidumuvyo Nyumbani

Wako watu wasemao kwamba maskini hubaki maskini kwa kuwa hawajui kuchagua. Husema, Tazama, mama yule amenunua ndoo mara tatu mwaka huu, na jirani yake anayo moja tangu miaka mitano. Kama angalifikiri, naye angalikuwa na moja vilevile. Kisha huitaja ile mithali ya sokoni, Rahisi ni ghali, wakajiona wamemaliza maneno. Sisi twaona neno hili halijaisha, maana ndani yake mna hukumu juu ya jirani, na hukumu yataka kupimwa kabla ya kutamkwa.

Basi na tuihesabu ndoo hiyo. Tuseme ndoo hafifu ya plastiki ni shilingi 3,000, nayo yapasuka baada ya miezi 4. Ndoo nene, yenye mshikio wa chuma uliofungwa sawasawa, tuseme ni shilingi 15,000, nayo yadumu miaka 5. Anunuaye ile nene ametoa 15,000, na safari yake imekwisha. Anunuaye zile hafifu atanunua ndoo 15 katika miaka hiyo, naye atakuwa ametoa 45,000. Maskini amelipa mara tatu ya mwenziwe kwa kuchota maji yale yale. Wenye kulaumu hudhani ya kuwa mama yule haijui hesabu hii. Mwulizeni! Ataisema upesi kuliko sisi, maana ndiye ailipaye. Siku ile ndoo ilipopasuka alikuwa na shilingi 4,000 mkononi, na watoto hawakuweza kungoja maji mpaka mama yao akusanye 15,000. Alichokosa si akili. Alikosa zile 11,000 za siku moja. Kumwambia mtu wa namna hii maneno ya busara ni kumwongezea mzigo, wala hakumpatii ndoo.

Yuko na mnunuzi mwingine, mwenye fedha, ambaye huona kabati la mninga na kabati la unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, likabandikwa karatasi yenye sura ya mninga, naye huchagua hili la pili kwa kuwa lang'aa. Mvua ikipenya mara moja, kabati limevimba kama mandazi. Huyu alaumiwe, lakini hatutaki kukaa naye sana, maana aweza kununua jingine.

Tena twapaswa kuuliza, kitu kidumucho ni kipi? Wengi hudhani ni kile kizito, au kile cha bei kubwa. Si hivyo sikuzote. Katambuga zakatwa katika tairi la gari lililochakaa, na bei yake ni ndogo, lakini huvaliwa juu ya mawe na miiba zikashinda viatu vingi vya dukani. Jembe nalo lina mpini, na mpini ukivunjika mtu huchonga mwingine, na chuma ni kile kile. Ndivyo ilivyokuwa taa ya chemli: kioo kikivunjika ulinunua kioo, utambi ukiisha ulinunua utambi, tangi likitoboka ulimpelekea fundi wa bati akaliziba. Hatusemi watu wairudie chemli, maana moshi wake waumiza kifua, na moto wake umeteketeza nyumba. Taa za sola, ziwakazo kwa nguvu ya jua, ni kitu chema, na mtoto asomaye usiku aujua wema huo. Walakini nyingi za taa hizo ndogo zimefungwa kwa gundi. Betri inapochoka baada ya miaka michache, hapana skrubu ya kufungulia, nayo taa nzima hutupwa hali paneli yake ingali ikifanya kazi. Hivyo twaona ya kuwa kudumu si ugumu peke yake, bali ni kuweza kufunguliwa na kutengenezwa. Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kwanza yapasa ufa uwe mahali mkono unapofika.

Wala kudumu si wema wote. Ziko sufuria nzito ambazo mafundi huziyeyusha kwa vyuma chakavu vya kila namna, nazo hukaa miaka mingi. Wachunguzi waliopima sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni, wakatangaza habari zake mwaka 2014, waliona kwamba baadhi yake zatoa madini ya risasi zikichemshiwa kitu chenye ukali; na nyanya zina ukali, ndimu vilevile. Risasi hudhuru akili za watoto. Chombo kama hicho, kadiri kidumuvyo, ndivyo kizidivyo kudhuru. Yafaa kumwuliza fundi ameyeyusha nini, na kama hajui, afadhali sufuria ile ipikiwe uji kuliko mchuzi wa nyanya, au isinunuliwe kabisa.

Sasa tuje kwa mwenye kutengeneza, maana hukumu nyingi humpita yeye zikamwangukia mnunuzi. Mwezi wa Desemba mwaka 1924 wakuu wa makampuni ya taa za umeme walikutana mjini Geneva, miongoni mwao Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, wakafanya shirika. Wakapatana kwamba balbu iwake saa 1,000, ingawa zamani nyingi ziliwaka saa 1,500 na kuzidi. Na kampuni ambayo balbu zake zilipita kipimo hicho ilitozwa faini. Vita vya mwaka 1939 vilipokuja, shirika likavunjika. Nao wana jambo la kujitetea, na si haki kulificha: balbu ikitengenezwa iwake muda mrefu sana, mwanga wake hufifia, na umeme mwingi hupotea bure. Iko balbu moja katika kituo cha wazima moto huko Livermore, California, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1901, nayo ingali hai. Lakini yatoa mwanga kidogo mno, hata kusoma kwake ni taabu. Basi utetezi huo una kweli ndani yake. Hata hivyo mnunuzi hakuulizwa. Mwenye kuitafuta faida ya mnunuzi humweleza habari zote mbili, kisha humwachia achague. Hamtozi faini mwenzake kwa kufanya kazi kupita kiasi.

Tusidhani neno hili ni la Ulaya tu. Seremala wa kwetu apataye mbao mbichi, akaunga kiti nazo na kukipaka vanishi, ajua ya kuwa wakati wa kiangazi mbao zitanywea na miguu italegea. Hakusema uongo, maana hakuulizwa. Sisi twaona kunyamaza huko ni uongo uliopakwa vanishi. Naye seremala hujibu kwamba wateja hawana fedha za mbao zilizokauka, na jibu hili ni la kweli pia. Basi aseme, Ndugu, mbao hizi ni mbichi, ndiyo sababu bei ni hii. Kiangazi kikipita kirudishe, nami nitakikaza bila malipo. Kiti ni kile kile, lakini mnunuzi amejua alichonunua.

Limebaki neno la zile 11,000. Mwaka 1856 huko Marekani Edward Clark, mshirika wa kampuni ya Singer, alianza kuuza charahani kwa malipo ya kidogo kidogo, maana mashine ilikuwa nzuri na jamaa nyingi hazikuweza kuilipa mara moja. Hivyo kitu kidumucho kikawafikia wasio na fedha nyingi. Lakini malipo ya namna hiyo yana meno: ashindwaye kulipa aweza kunyang'anywa chombo, na alichokwisha kutoa kikapotea. Sisi twaupenda zaidi upatu, ambao wanawake wetu waujua bila kufundishwa na mtu. Wanawake 10 wakitoa kila mmoja 1,500 kwa wiki, kila wiki ndoo moja nene yanunuliwa, na baada ya wiki 10 wote wanazo, bila riba wala karani. Shida yake ni hii moja, nani atangulie. Mara nyingi hutangulia aaminiwaye, yaani mwenye nacho. Sisi twasema atangulie yule ambaye ndoo yake imepasuka, ijapokuwa ndiye ashukiwaye kwamba wiki ya nane hatakuwa na kitu. Na wiki ya nane ikifika naye hana, wazee wa usharika wazitoe zile 1,500 katika sanduku la wahitaji, wala jina lake lisisomwe mbele ya watu.