Mkate wa Mwanafunzi wa Azhar

Ama baad. Ndugu yangu, jua ya kuwa msikiti wa Azhar, huko Misri, ulifunguliwa mwaka 972. Zamani wanafunzi walilala humo katika riwaki, kila taifa na yake: Wamaghribi, Washami, hata Wajabarti wa Uhabeshi, wakala mkate wa wakfu. Je, mkate ule ni zawadi au deni?

Kijana husema: aliyeweka wakfu amekwisha kufa, nani atanidai? Hajui fikihi huyu! Kwetu Mashafii, kwa kauli yenye nguvu, milki ya wakfu huhamia kwa Mwenyezi Mungu, na Yeye hafi.

Ufuta uliouzwa hapa Kiranjeranje kwa nauli ya mwanafunzi si wakfu, lakini ulitolewa kwa ajili Yake. Nauona una hukumu iyo hiyo. Hatumlazimishi kurudi, akifundisha popote amelipa. Ama aliyenyamaza na elimu yake, hata jirani wakakosa wa kuwasalia maiti, angali anadaiwa.