Je, ni Usaliti Kufanya Biashara na Aliyekushinda?

Hapa kambini neno "msaliti" hutamkwa haraka mno. Mama akionekana ananunua sabuni kwenye duka la mtu wa kabila lililotufukuza, kabla ya jioni jina lake limekwisha kuchafuliwa. Tulipime jambo hili kwa habari ya mtu wa mbali, ili hasira isitutangulie.

Jacques Bourgeois alikuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1641 alitoka Ufaransa akafika Port-Royal, katika nchi ya Acadia, mahali ambapo leo ni Nova Scotia huko Kanada. Alilima, akafuga, akafanya biashara. Mwaka 1654 kikosi cha Waingereza kutoka Boston kiliiteka Port-Royal, na yeye alikuwa mmoja wa wakubwa wa ngome iliyosalimu amri. Wafaransa hawakurudishiwa nchi mpaka 1670. Miaka yote ile Bourgeois afanye nini, na ana mke na watoto? Alibaki, akajifunza Kiingereza, akauziana bidhaa na watu wa Boston.

Mimi nasema hakusaliti. Msaliti huuza watu. Huyu aliuza mali ya jasho lake. Hata nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli wapande bustani na kuuombea mji uliowateka.

Mnamo 1672 alianzisha kijiji kipya, Beaubassin, pamoja na wanawe na wakwe zake. Walijenga tuta kuzuia maji ya bahari, na chini yake mlango wa mbao unaotoa maji ya mvua na kujifunga bahari inapojaa. Ndugu wa bonde la Ruzizi mliolima mpunga mnaijua kazi hiyo. (Nchi yenyewe ilikuwa ya Wami'kmaq, tusisahau.)

Mwaka 1696 Benjamin Church akaja na askari kutoka Boston. Wanakijiji walimwonyesha hati ya kiapo chao kwa mfalme wa Uingereza. Nyumba zikachomwa hata hivyo, na ng'ombe wakauawa. Bourgeois alikuwa na zaidi ya miaka 70.

Basi biashara ilimfaa nini? Kwa miaka 42 watoto walikula, wakakua, wakaoa na kuolewa. Si kidogo.

Kwa hiyo mama wa sabuni mwacheni anunue. Anayepeleka majina ya majirani usiku apate fedha, huyo ndiye aitwe mbele ya wazee wa kanisa.