Itazame kwanza, kisha uibishie

Mjukuu wangu, nimesikia unataka kutengeneza filamu ya Vita vya Maji Maji, na kwamba Lawrence of Arabia hutaki hata kuiona kwa kuwa ni hadithi ya Mwingereza anayewakomboa Waarabu. Itazame. Ina urefu wa zaidi ya saa tatu na nusu. Zima simu uimalize.

Kuna mahali Lawrence na mwongoza njia wake wamesimama kisimani. Mbali kabisa, ndani ya mazigazi, kinatokea kidoa cheusi. David Lean, aliyeiongoza filamu, hana haraka. Kidoa kinatetemeka, kinarefuka, kinakuwa mtu juu ya ngamia, nawe umeshabana pumzi. Mwongoza njia anakimbilia bastola. Risasi inalia, anaanguka. Ndivyo Omar Sharif alivyoingia katika sinema ya dunia mwaka 1962. Mpiga picha, Freddie Young, alitumia lenzi ndefu mno kuunasa ujio huo. Subira ya namna hiyo jifunze, maana vijana wa leo mnakatakata picha kabla jicho halijatua.

Sasa kasoro zake. Kiongozi wa Waarabu, Faisal, anaigizwa na Alec Guinness, Mwingereza aliyepakwa rangi usoni. Mpiganaji wao Auda abu Tayi anaigizwa na Anthony Quinn, mzaliwa wa Meksiko. Sherif Ali mwenyewe, yule wa Omar Sharif, ni mtu wa kubuniwa. Hilo la kubuni nalisamehe, kwani filamu haiwezi kubeba kila aliyepigana. Lakini kwamba hakuna mwanamke hata mmoja anayefungua mdomo tangu mwanzo hadi mwisho, hilo silisamehe.

Na Damascus ndiyo inayoniuma zaidi. Mji unatekwa kutoka kwa Waturuki mwaka 1918, Waarabu wanakaa barazani, wanagombana, umeme unazimika, maji yanakatika, majeruhi wa Kituruki wanaachwa bila huduma, kisha wapiganaji wanarudi zao jangwani. Mtazamaji anaondoka akiamini watu hawa walijua kupigana tu, kutawala hawakujua. Si kweli! Serikali ya Faisal ilikaa Damascus karibu miaka miwili. Machi 1920 alitangazwa mfalme wa Syria. Kilichoiangusha ni jeshi la Ufaransa, lililowashinda Waarabu huko Maysalun Julai mwaka huohuo, likitekeleza mgao ambao Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekubaliana kwa siri mwaka 1916. Kwa haki, filamu haiufichi mkataba huo, inautaja waziwazi. Ila inapofika Damascus inamwachia Mwarabu lawama ambayo si yake, na inafanya hivyo kwa picha nzuri na muziki wa Maurice Jarre, ndiyo maana uongo huo umedumu.

Basi usidhani ukiweka waigizaji weusi na kumtoa mzungu katikati umemaliza kazi. Waweza kuipiga filamu yako yote Songea na bado ukawafanya Wangoni vumbi la nyuma ya shujaa mmoja. Februari 1906, katika vita hivyo vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wao pale, kisha njaa ikafuata. Wake zao walibaki na watoto, na mashamba yameteketezwa. Anza na mmoja wao. Jua alikuwa anataka nini, alimwogopa nani, alificha wapi mbegu, alibishana na nani. Mpe maneno mengi, hata yale yasiyompendeza mtazamaji. Rasimu ikiwa tayari, niletee niisome.