ARABUNI NI AMANA

Masomo: Zaburi 15, Yeremia 32:6-15, Waefeso 1:13-14



Mwezi huu napenda tutafakari pamoja jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi za Wakristo hapa Kenya, ingawa ni nadra kusemwa kanisani. Ni habari ya mtu anayeuza shamba lake ili anunue nyumba mpya, kisha mauzo ya shamba yakavunjika, na huku nyumba amekwisha kuiwekea arabuni.

Jambo hutokea hivi. Mtu amestaafu, naye ameziona nyumba mpya zinazojengwa na kampuni karibu na mji. Anatia sahihi, analipa arabuni, mara nyingi sehemu ya kumi ya bei, na kuahidi kumaliza deni kwa muda uliowekwa, pengine siku 90. Fedha za kumalizia anazitazamia kwa mnunuzi wa shamba. Halafu mnunuzi anageuka, au benki inamnyima mkopo, au Bodi ya Ardhi inakataa kutoa kibali. Siku zinakwisha, na kampuni inadai haki yake.

Ndugu zangu, kuvunjika kwa mauzo si dhambi. Lakini saa hiyo ndipo yule Mshawishi hubisha hodi. Humnong'oneza mtu apokee arabuni ya pili kwa shamba lile lile kabla ya kumrudishia mnunuzi wa kwanza. Humwambia aikwepe kampuni na kuficha habari. Au humwambia kwamba jirani ndiye aliyeifunga njia yake kwa uchawi, ili amchukie mtu asiye na hatia. Kwa hiyo na tuangalie mambo matatu.

Kwanza, arabuni ya mwenzako ni amana. Sheria yetu ya mwaka 1967 ya kudhibiti mashamba yaelekeza kwamba mapatano ya kuuza shamba la kilimo yaombewe kibali cha Bodi ndani ya miezi sita. Kibali kikikosekana mapatano hayo ni batili, na fedha alizolipa mnunuzi ni deni ambalo aweza kulidai. Tena, tangu mwaka 2013, mali ya ndoa haiuzwi pasipo idhini ya mume na mke wote wawili. Basi fikirini: mtu akichukua arabuni ya shamba na kuipeleka mara moja iwe arabuni ya nyumba, amejenga juu ya fedha ambazo bado si zake. Bodi ikikataa, mnunuzi atamdai, na kampuni nayo huenda ikazishika zile alizoiwekea. Hapo atakuwa hana nyumba, naye ana deni. Heri fedha hizo zikae mikononi mwa wakili mpaka kibali kipatikane. Na kabla ya kutia sahihi kwa nyumba, mtu aombe iandikwe katika mkataba kwamba ununuzi wake wategemea kuuzwa kwa shamba. Kampuni ikikataa, ni afadhali kungoja. Bwana wetu alitufundisha habari ya mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama.

Pili, mambo yawe wazi. Nabii Yeremia alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, wakati Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli. Alikuwa na neno la Bwana, hata hivyo aliandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akapima fedha katika mizani, na hati zikatiwa katika chombo cha udongo zipate kudumu. Imani haikumfanya adharau maandishi. Nasi mauzo yakivunjika, tuende mapema kwa kampuni, pamoja na wakili, tukaseme kweli na kuomba siku za nyongeza. Anayekwenda mapema aweza kusikilizwa. Anayejificha hufikiriwa kuwa mwizi hata kama hakuiba kitu.

Tatu, neno la Mkristo lisimame. Zaburi ya 15 yauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na mmojawapo ni yule asiyebadili kiapo chake hata kikimletea hasara. Neno hili ni la mnunuzi vilevile. Wako wanaoagana bei leo, na kesho wakiona shamba jingine la bei nafuu, wanaondoka pasipo hata kutuma salamu. Hawajui kwamba nyuma ya shamba lile kuna mzee aliyekwisha kuahidi fedha mahali pengine. Ahadi moja imesimama juu ya nyingine. Ukiichomoa ya chini, ya juu huanguka.

Sasa litazameni neno lenyewe, arabuni. Lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na lile la Kigiriki alilolitumia Mtume Paulo ni ndugu yake, maana yote mawili yana asili moja katika lugha za Kisemiti. Paulo alichukua neno la sokoni akalitumia kwa Roho Mtakatifu, ambaye Mungu ametupa kuwa arabuni ya urithi wetu. Mungu aliyeweka arabuni hiyo hageuki siku ya kumaliza. Sisi tulioipokea tutawezaje kuila arabuni ya jirani?

Kama yuko miongoni mwetu aliyepatwa na shida hii, asikae peke yake. Aje kwa kasisi au kwa wazee wa kanisa, na tusimcheke kama walivyochekwa walioshindwa kumaliza mnara. Mwenye ujuzi wa sheria amsaidie. Mwenye deni naye alilipe kidogo kidogo, kwa uaminifu.

Tuombe: Ee Bwana, uliye makao yetu kizazi baada ya kizazi, utupe mikono safi katika kununua na kuuza. Uwafariji waliopoteza walichokitumainia, na utufikishe sote katika nyumba usiyotunyima. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.