Mtoto wa Miezi Saba na Haki Yake juu ya Baba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada ya hayo: ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani aliyehamia Arusha kwa biashara, ametuletea swali. Mkewe alijifungua katika mwezi wa saba wa mimba, wakati wa baridi ya Julai, mtoto mwanamume mwenye uzito wa kilo moja na robo. Hospitalini walimweka mtoto huyo katika joto, wakampitishia mpira mwembamba puani wa kumlishia maziwa ya mamaye, wakamwambia baba kwamba yampasa kungoja wiki nyingi na kununua dawa. Wazee waliokuja kumjulia hali wakamwambia: "Mwanangu, huyo si wa kukaa. Usipoteze mali yako wala usishindane na kadari. Mwachie Mola wako." Naye auliza: je, kumwacha ndiyo tawakali, au ni kosa?

Twajibu, na taufiki yatoka kwa Mwenyezi Mungu.

Kwanza yatupasa kumjua mtoto huyu ni nani mbele ya sharia. Katika Sura ya Al-Ahqaf mimba na kunyonya vimetajwa pamoja kuwa ni miezi thelathini, na katika Sura ya Al-Baqara kunyonya kukatajwa kuwa kwatimia kwa miaka miwili. Maulamaa wakatoa miaka miwili katika miezi thelathini, ikabaki miezi 6, wakahukumu kwamba hiyo ndiyo mimba fupi kabisa ya mtoto azaliwaye akaishi. Na imepokewa kwamba kwa hisabu hiyo, zama za masahaba, aliokoka mwanamke aliyezaa kwa miezi sita, naye alikuwa amekwisha kutuhumiwa. Basi dini yetu ilimjua mtoto huyu, na ilimhifadhia mamaye heshima yake, zamani sana kabla ya mashine yo yote kuundwa.

Mtoto huyo akizaliwa akalia, amekuwa mtu kamili. Hupewa jina, hurithi na hurithiwa. Na akifa, huoshwa, hukafiniwa, husaliwa. Sasa tazama, ewe msomaji, ajabu ya mambo yetu. Baba yake akifa usiku ule ule, kadhi hatagawanya mirathi mpaka amtengee kitoto hiki fungu lake, sawasawa na fungu la nduguye mwanamume mwenye ndevu. Lakini baba akiwa hai, twaona kitoto hiki hakistahiki bei ya chupa moja ya dawa. Sharia imemhesabu mrithi, nasi twamhesabu maiti.

Ama neno la kadari, wazee wamelitumia mahali pasipo pake. Sayyidna Umar alipougeuza msafara wake usiingie nchi ya Sham penye tauni, aliulizwa kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu; akajibu kwamba aikimbia kadari kwa kuiendea kadari nyengine. Maradhi ni kadari, na dawa ni kadari vile vile. Tena wazee hao hao, nyumba ikishika moto, hatujawaona wakikaa barazani kungoja kilichoandikwa. Huita watu na ndoo za maji.

Na afaa mtu ajue hasa ni kitu gani kinachowaua watoto hawa, asije akadhani ni siri isiyoingilika. Cha kwanza ni baridi. Mji wa Arusha umekaa chini ya mlima Meru, juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,400, na mtoto asiyetimia hana mafuta ya kumtia joto. Cha pili ni pumzi: mapafu yake hujifunga, na ubongo wake, kwa uchanga, husahau kazi ya kuvuta hewa. Cha tatu ni vijidudu viingiavyo damuni, kwani mwili wake hauna ngome. Kila kimoja katika hivi kina sababu yake ya kukiondoa. Ile ya kusahau pumzi, dawa yake ni kafeini, kitu kile kile kilichomo katika buni ilimwayo kwenye miteremko ya Meru, nasi watu wa pwani twainywa kwa tende barazani. Lakini tabibu huipima kwa uzito wa mtoto. Mtu asije akamnywesha mtoto kahawa! Hata oksijeni yenyewe ikizidi kipimo yaweza kumharibia macho mtoto huyu. Kwa hiyo kazi hii si ya kubahatisha, ni ya wajuzi.

Mwezi wa Agosti 1963, Rais wa Marekani John F. Kennedy alizaliwa mtoto aliyetangulia wakati wake kwa wiki tano na nusu, mwenye uzito wa kilo 2 na kidogo. Akafa kabla ya kutimiza siku mbili, kwa kushindwa kupumua. Mali na ukubwa wa dola ile havikumfaa kitu, kwa kuwa sababu ilikuwa haijafunuliwa. Mwaka 1971 matabibu wa huko huko Marekani wakatangaza njia ya kuwasukumia watoto kama huyo hewa kwa upole, mapafu yasijifunge; na leo kazi hiyo yafanywa hata kwa mpira ambao ncha yake imezamishwa ndani ya chupa ya maji. Basi kile alichokosa mtoto wa Rais, Mwenyezi Mungu amekileta karibu na mtoto wa muuza duka. Je, kukipa kisogo ndiko kushukuru?

Pengine mtu atasema: "Maulamaa wengi wamesema kujitibu ni suna, si faradhi, mbona mwamlazimisha?" Neno hili lataka kuangaliwa vizuri. Imepokewa kwamba mwanamke mmoja mwenye kifafa alimjia Mtume, rehema na amani zimshukie, akamtaka amwombee dua apone. Naye akamkhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone, akakhiyari kusubiri. Mwanamke yule aliulizwa, na mwili ulikuwa wake. Mtoto huyu ni nani aliyemwuliza? Mtu aweza kusubiri juu ya maumivu yake mwenyewe, na hiyo ni daraja kubwa; lakini kusubiri juu ya pumzi ya mwengine, nawe unayo sababu ya kumsaidia, hakuitwi subira. Mtoto ni amana, na nafaka ya mtoto ni kwa kadiri ya haja yake. Na haja ya huyu leo si kanzu wala uji, ni joto na pumzi na dawa.

Na mtu asizuilike kwa sababu hospitali ni ya Serikali au ya Wakristo. Mjini Arusha iko hospitali ya mkoa ya Mount Meru, na iko ya Walutheri yenye chumba cha watoto wachanga walio mahututi. Mtume wetu, katika safari ya Hijra, alimwajiri kiongozi wa njia asiyekuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mjuzi na mwaminifu katika kazi yake.

Liko na jambo jengine lisilotaka fedha, nalo ndilo wanaume wetu walionealo haya. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, matabibu waliopungukiwa na mashine walianza kuwafunga watoto hawa vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi tano, na Tanzania ikiwamo. Watoto waliowekwa kifuani tangu mwanzo, bila kungoja wapate nguvu kwanza, walikufa 12 katika kila 100. Wale waliongojewa walikufa karibu 16. Na kifua hicho si lazima kiwe cha mama peke yake. Mama akiwa mgonjwa au amechoka, cha baba chafaa.

Hapa mwanaume wa pwani atacheka, aseme hiyo ni kazi ya wanawake. Na amkumbuke Al-Aqra bin Habis, aliyejisifu kwamba ana watoto kumi wala hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamjibu kwamba asiyerehemu harehemewi. Tena Mtume mwenyewe alisali hali amembeba mjukuu wake Umama. Aliyesimama mbele ya Mola wake na mtoto mwilini hakupungukiwa na heshima. Wewe utapungukiwa na nini mbele ya muuguzi? Na katika sherehe za Mei Mosi 2024, zilizofanywa Arusha katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ilitangazwa kwamba mama wa mtoto wa namna hii ataongezewa likizo yake, na baba naye atapewa siku 7. Siku hizo si za barazani.

Lakini hatusemi kwamba kila mtoto atapona. Kwa hisabu ya mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 wazaliwao hai Tanzania, 24 hufa kabla ya kutimiza mwezi. Ikifika saa ambayo wajuzi waaminifu wamesema hapana dawa iliyobaki ila ya kumwongezea taabu, basi hapo ndipo neno la wazee linapopata mahali pake, na kumwachia Mola kwawa ni tawakali kweli. Mtume aliwekewa mikononi mtoto wa binti yake, pumzi zikimkoroma, akalia machozi. Akaulizwa, akasema hiyo ni rehema. Hakuona aibu kumshika wala kumlilia.

Basi ewe ndugu uliyeuliza, jibu letu ni hili: mpe mwanao jina, nunua dawa kwa kadiri ya uwezo wako, na ukishindwa waambie Waislamu wenzako, kwani wazee wetu waliweka wakfu visima kwa ajili ya kiu ya wapita njia, na pumzi ya mtoto haina haki ndogo kuliko hiyo. Kisha fungua kanzu yako, umweke kifuani. Ukiisha kufanya hayo, sema: nimetawakali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.