Siku Moja Mji Mkongwe: Nasaha kwa Wazazi Vijana

Wanangu, kila zikija sikukuu na likizo za skuli huwaona mkishuka bandarini Malindi kwa boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam: baba kampakata mdogo, mama kashika mkoba na chupa za maji, na simu ziko tayari kwa picha. Karibuni sana. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea uonekane. Mimi mzee wenu nimezeekea humu vichochoroni, na nina maneno machache ya kuwaambia kabla hamjaanza kuzunguka.

La kwanza na kubwa ni hili: mwonyesheni mtoto uzuri wa mji huu na uchungu wake siku hiyo hiyo moja. Unguja ilikuwa makao makuu ya usultani tangu Seyyid Said alipohamia hapa kutoka Maskati katika karne ya 19. Fedha zilizojenga majumba mnayoyapiga picha zilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na binadamu waliouzwa. Ukimwonyesha mtoto milango ya nakshi ukamficha soko la watumwa, umemdanganya kwa kunyamaza. Na ukimwonyesha soko tu, atarudi nyumbani akidhani waliotutangulia walijua kuteseka peke yake, ilhali mikono yao ndiyo iliyojenga na kuchonga.

Anzeni Mkunazini, asubuhi, kabla jua halijawa kali na watoto hawajachoka. Soko la watumwa lilifungwa 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo Waanglikana wakaweka msingi wa Kanisa la Kristo papo hapo. Ndani, mbele ya madhabahu, kuna duara la marumaru sakafuni: ndipo inaposemwa palisimama mti waliochapiwa watumwa. Nje kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Mtoto mdogo sana na abaki bustanini na mmoja wenu. Aliyefikia umri wa kuuliza, mwacheni aangalie, wala msimharakishe.

Akiuliza, "Hawa walikosa nini?" mjibuni kweli: hawakukosa kitu. Akiuliza nani aliwauza, msimtupie mzigo wote mtu wa kabila moja au dini moja. Walikuwapo watawala wa bara na wa pwani, wenye misafara, wakopeshaji wa fedha na wanunuzi wa ng'ambo, na kila mmoja alitia mkono wake. Mwambieni pia kwamba kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria iliendelea kuutambua hapa hadi 1897. Kisha, kabla ya kutoka, mtafutieni upande wa nyuma wa kanisa zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu Edward Steere alipokuwa safarini. Atacheka, na kucheka hapo si kosa.

Mkitoka, piteni sokoni Darajani mnunue matunda, halafu ingieni vichochoroni kwa miguu. Msikimbilie kuona kila kitu. Chagueni mlango mmoja mzuri, pale Hurumzi au Kiponda, mkae nao robo saa. Mwacheni mtoto aguse misumari ya shaba kwa adabu, afuate kwa kidole mnyororo uliochongwa kwenye miimo, atafute samaki na mawimbi chini, na maua yanayopanda juu. Mwonyesheni mfaa, ule mti wa katikati ambao mbao mbili hufungia hapo. Mtoto aliyeuchunguza mlango mmoja vizuri ataitambua mingine mwenyewe, bila kuonyeshwa.

Na hapo vichochoroni, adabu. Hii ni mitaa ya watu, kuna wanaolala, wanaopika na wanaouguza. Mkiwakuta wazee barazani, watoto watoe shikamoo. Msimpige mtu picha bila ruhusa yake. Vaeni mavazi ya heshima. Mshikeni mtoto mkono, kwani vespa hutokea konani ghafla. Mkitaka wa kuwatembeza, mwombeni aonyeshe kitambulisho chake, na mwelewane bei kabla ya hatua ya kwanza. Na kama bibi au babu yao ana nguvu za kutembea, njooni naye. Ana mengi ambayo mtembezaji hayajui.

Adhuhuri kuleni, pumzikeni. Alasiri teremkeni pwani. Hapo Beit al-Ajaib iliyojengwa na Barghash mwaka 1883, jumba la mwanzo mjini kuwashwa taa za umeme, iliporomoka sehemu yake Desemba 2020 na kuua watu wawili. Waelezeni watoto kwamba nyumba za hapa ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti. Maji yakipenya darini boriti huoza, na ukuta wa chokaa ukipakwa saruji, unyevu hukwama ndani. UNESCO iliuingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini cheti hakizibi dari linalovuja; huziba fundi, na fundi hulipwa. Mahali hapo hapo, tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zilipiga kasri kwa mizinga ili kumng'oa Khalid bin Barghash katika kiti cha usultani. Vita havikufika saa moja, na waliouawa au kujeruhiwa upande wa Zanzibar walikuwa mamia. Wengi huvitaja kama kichekesho kwa ufupi wake. Nyinyi msicheke.

Jioni ndiyo Forodhani. Waacheni watoto wale urojo na mishkaki, wanywe maji ya miwa, wawatazame vijana wakijirusha baharini kutoka ukutani. Hapo msifundishe kitu. Walisikia ya kutosha asubuhi, nao wanastahili kuupenda mji huu kwa tumbo na macho.

Mkisharudi kwenu, msiishie kumuuliza mtoto kama alifurahi. Muulizeni majumba yale yalijengwa kwa fedha zipi na kwa jasho la nani, na leo nani anayatunza. Asipojua, tafuteni jibu pamoja naye, maana wazazi wengi nao hawakuambiwa. Nendeni salama, na Mungu awajaalie kurudi.