Je, Mpira Utajwe Msibani?

Baba yangu mdogo alipofariki, watu waliokuja kutupa pole nyumbani Buyenzi, Bujumbura, walimsifu kwa swala na sadaka zake. Hakuna aliyetaja mpira. Ni wanawe watatu tu walionong'onezana kuhusu Jumapili: baada ya alfajiri aliwapeleka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akawafundisha kuogelea, kisha wakacheza mpira mchangani hadi jua likawa kali.

Nilinyamaza kwa aibu. Nilipoanza masomo ya Kiislamu nilimwambia, "Baba mdogo, umri huu si wa kukimbizana na watoto." Alicheka. "Njoo nawe, mwanangu." Sikwenda.

Nilikosea wapi? Nilidhani ibada na furaha ni pande mbili za mizani, mmoja ukipanda mwingine hushuka. Lakini Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, baadaye Mtume akamshinda. Mchezo unaosahaulisha swala au kuleta kamari ni hasara. Unaomweka baba karibu na wanawe ni sehemu ya haki yao kwake.

Tukificha furaha za marehemu ili aonekane mcha Mungu zaidi, tunawanyima mayatima nusu ya baba yao.

Jumapili iliyopita niliwapeleka mimi ziwani. Yule mdogo alinisahihisha nilivyopiga mbizi: "Baba alifanya hivi."

Allah amrehemu.